Rafiki yuko kwenye kemo: tunavyodhani na ilivyo

Siku shoga yangu aliporudi kutoka kutiwa dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa za saratani, ngazi ya nyumba yao pale Kibokoni, Mombasa, ilijaa viatu. Waliokuja na pilau, waliokuja na biriani, na mmoja na kuku wa kupaka angali anatoa mvuke. Mwenyewe alikuwa chumbani, dirisha wazi, leso puani, harufu ya vitunguu vya kukaanga ikimchafua moyo. Wiki ya tatu, alipopata nguvu za kukaa na hamu ya kupiga soga, pale ngazini hapakuwa na hata kandambili moja.

Mgonjwa wa kemo ana kalenda yake, na sisi tunaompenda huwa hatuisomi.

"Akishatoka dripu ndiyo siku ya kwenda kumwangalia"

Dawa za kemo huwinda seli zinazogawanyika upesi. Za saratani ndivyo zilivyo, lakini pia za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na matumbo, na za uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa. Basi madhara nayo huja kwa zamu. Siku chache za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu ambao kulala hakuuondoi. Kisha, kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 chembechembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa, na mwili hubaki bila askari. Baada ya hapo mtu huinuka kidogo, na dripu nyingine inafika. Mizunguko mingi ni ya wiki mbili au tatu.

Kwa hivyo swali la kwanza kumuuliza ni "dripu ilikuwa lini?" Ukishajua, hesabu. Siku za mwanzo peleka kitu kisicho na harufu, kiache mlangoni, uende zako. Siku za kinga kushuka, mwenye mafua asikanyage, na mwenye mtoto anayekohoa vilevile. Tuma sauti kwa WhatsApp, inatosha. Wiki anayoinuka, hiyo ndiyo yako. Nenda kaketi.

"Homa ni dawa inafanya kazi, mpe Panadol alale"

Hii inaua. Joto la nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo ni dharura, iwe mchana au saa nane za usiku, kwa sababu huenda ni maambukizi na mwili hauna cha kupigana nayo. Panadol huishusha homa, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini. Apimwe kwanza, na ikifika hapo, apigiwe daktari na aanze safari ya hospitali.

Ukiwa huna la kumnunulia, mnunulie kipimajoto. Kisha tafuta dereva wa tuktuk anayepokea simu usiku, namba yake ibandikwe mlangoni. Kama anakaa Likoni, mzungumze mapema mtavuka vipi usiku huo, si mkifika kwenye feri ndipo muanze kuulizana. Na mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe "huyu yuko kwenye kemo, ana homa". Sisi tulianza kwa kueleza habari za kichwa na mgongo, tukawekwa kwenye foleni ya wenye kichwa na mgongo.

"Usimguse, utaambukizwa"

Saratani haiambukizwi kwa kukumbatia, wala kwa kula sinia moja. Nimeona mtu akimpa mgonjwa chai kwenye kikombe cha peke yake, kimetiwa alama ya rangi ya kucha. Huo ni unyanyapaa, hata ukifanywa kwa upole.

Ila kuna punje ya ukweli ndani yake. Kwa takriban saa 48 baada ya dripu, mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo, choo na matapishi. Anayesafisha au kufua shuka zilizochafuka avae glavu, anawe mikono, na choo kimwagiwe maji mara mbili. Mjamzito aachie wengine kazi hiyo. (Mkojo mwekundu usiwatishe: dawa iitwayo doksorubisini ni nyekundu, na siku ya kwanza au mbili hutoka na rangi yake.)

Sasa, maji ya kumwaga mara mbili, Mombasa hii, yatoke wapi? Mfereji ukikauka wiki nzima, mgonjwa ndiye anayehesabu mitungi. Jioni ya kuamkia dripu, muite mwenye mkokoteni, jaza pipa na ndoo zote. Hakuna zawadi iliyomfurahisha shoga yangu kuliko ile, na yalikuwa maji ya chumvi ya kisima.

"Ale ashibe, na hii dawa ya kienyeji itamsaidia"

Ulimi hubadilika. Nyama huwa na ladha ya chuma, kijiko cha bati kinazidisha; mpe cha plastiki. Chakula kilichopoa hakinuki kama cha moto. Sahani ndogo mara tano au sita ni afadhali kuliko sinia moja la kumtisha: uji, yai lililoiva hasa, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha. Mdomo ukiwa na vidonda, pilipili, ndimu na ukwaju vikae mbali. Maji ya miwa ya barabarani na kachumbari isiyooshwa vizuri visubiri. Hata dafu la baridi uliza kwanza, kwani wanaotiwa dawa iitwayo oksaliplatini wakigusa au wakinywa kitu baridi huchomwa kama sindano vidoleni na kooni.

Bibi yangu alikuwa na muarobaini uani na sitamvunjia heshima. Lakini mitishamba mingine huliumiza ini, mingine huongeza au hupunguza nguvu ya dawa za hospitali. Usimbebee chupa. Kama anaitaka mwenyewe, aionyeshe kwa daktari.

"Lazima Nairobi au India"

Si lazima. Kemo hutolewa hapa hapa, Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ikiwemo. Kabla ya kuunda kundi la harambee, uliza kama michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, imelipwa.

"Ukihitaji chochote nipigie"

Hii tunaisema sote, na hapigi mtu. Mgonjwa hana nguvu za kukutafutia kazi. Sema kitu chenye siku: "Jumanne nawapitia watoto chuoni." "Kesho nakuja kufua." Na habari za shangazi wa fulani aliyekuwa na kama yako hiyo hiyo akafa, meza. "Utapona tu, usilie" nayo meza. Nywele zikianguka, kwa kawaida wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza, usimwambie zitaota. Anajua. Muulize atajifunga leso gani.

"Wamemrudisha bila dripu, wamemkatia tamaa"

Damu hupimwa kabla ya kila dripu. Chembechembe nyeupe au zile za kugandisha damu zikiwa chache, madaktari husogeza mbele, mara nyingi kwa wiki moja, mwili uinuke. Hutokea kwa wengi. Siku iliyomtokea shoga yangu, simu zilianza kupigwa kwa kilio kabla hata hatujatoka getini. Tukazizima. Tukachukua tuktuk hadi ufuoni Mama Ngina, tukaketi kwenye ukuta tukitazama meli ikiingia mlango wa bandari, tukala mihogo ya kukaanga, yake bila pilipili.