Ponte Rotto katika michoro ya Caspar van Wittel

Ninapoonyesha michoro ya Waholanzi waliokwenda Roma katika karne ya 17, aghalabu watazamaji huona katika magofu huzuni ya utukufu uliopita. Kwa Caspar van Wittel, mzaliwa wa Amersfoort, mimi huanza na maji. Alipofika Roma katikati ya miaka ya 1670, alifanya kazi na Mholanzi mwenzake, mhandisi wa maji Cornelis Meyer, aliyekuwa akichunguza jinsi ya kuurudishia mto Tiber usafiri wa mashua kati ya Perugia na Roma, na akamchorea takriban michoro 50 ya mto huo. Kijana aliyejifunza Roma kwa kufuata kingo za mto hakuweza, naamini, kulitazama daraja bovu la Ponte Rotto kama pambo tu.

Daraja lenyewe Warumi wa kale waliliita Pons Aemilius. Nguzo zake zilijengwa mwaka 179 K.K., na matao ya mawe yakaongezwa mwaka 142 K.K. Lilisimama mahali pabaya: chini kidogo ya kisiwa cha Tiber, ambako mikono miwili ya mto hukutana tena na mkondo huzipiga nguzo kwa nguvu. Mafuriko ya mwaka 1557 yaliliangusha kwa sehemu, Papa Gregory XIII akalitengeneza kufikia mwaka 1575, kisha mafuriko ya Krismasi ya mwaka 1598 yakazoa matao matatu ya upande wa mashariki. Halikujengwa tena kwa mawe, na jina likawa Ponte Rotto, yaani daraja lililovunjika. Mchoraji Mholanzi Maarten van Heemskerck, aliyechora Roma katika miaka ya 1530, alikuwa amelikuta zima.

Kwa hiyo kitu alichokuwa nacho Van Wittel mbele yake ni daraja linaloanzia Trastevere, mtaa wa ukingo wa magharibi, na kukomea katikati ya mto. Namna yake ya kuchora mandhari inastahili kutazamwa polepole. Mara nyingi hutumia karatasi pana, mistari myembamba ya kalamu na wino uliozimuliwa kwa vivuli, na baadhi ya karatasi hizo amezichora miraba ili picha ihamishwe kwenye turubai bila kupoteza vipimo. Gofu halikuzwi wala halitengwi, bali hubaki kati ya nyumba, kingo na maji yanayolizunguka, na hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu linamwezesha mtazamaji kuona jinsi daraja na mto vilivyohusiana.

Mwaka 1887 matao mawili kati ya matatu yaliyosalia yalibomolewa, na kingo alizozijua Van Wittel zikapotea chini ya kuta ndefu zilizoanza kujengwa baada ya mafuriko ya mwaka 1870. Leo, ukisimama kwenye daraja la jirani, Ponte Palatino, unaona tao moja tu mtoni, likiwa bado na sanamu za joka, nembo ya ukoo wa Papa Gregory.