Je, wajua kwa nini mtumwa maarufu kuliko wote kwenye runinga ya Brazili alikuwa mweupe?

Mwaka 1976 kituo cha Globo cha Brazili kilianza kuonyesha Escrava Isaura, tamthilia ya mjakazi anayeandamwa na bwana wake katika shamba moja la Campos, upande wa Rio de Janeiro. Ilitazamwa mpaka Poland, Kuba na China. Isaura aliigizwa na Lucélia Santos, ambaye ukimweka sebuleni pamoja na watoto wa bwana hutajua mtumwa ni yupi. Sasa, mtumwa gani huyu?

Kisheria aliwezekana. Mtoto alifuata hali ya mama: mama akiwa mjakazi, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Vizazi viwili vitatu vya mabwana kuzaa na wajakazi wao, na watumwa weupe wanapatikana. Hapo tamthilia haikudanganya.

Lakini watumwa wa aina hiyo walikuwa wachache, na mwandishi alimchagua Isaura kwa makusudi. Tamthilia ilitoka kwenye riwaya ya Bernardo Guimarães ya mwaka 1875, wakati utumwa ungali halali. Wasomaji wake walikuwa watu wa tabaka la juu, miongoni mwao wenye watumwa. Ili walie, aliwapa mtumwa anayefanana na binti zao. Kwa mwaka 1875 namwelewa. Runinga kuirithi mbinu hiyo miaka 100 baadaye, katika nchi iliyojaa waigizaji weusi, ni jambo lingine.

Kibaya zaidi, uso wa Isaura unaficha hesabu. Waafrika wapatao milioni 4.8 walishushwa Brazili. Marekani, ambayo filamu zake za mashamba ya pamba tunazijua zaidi, ilipokea chini ya 400,000. Hata hivyo mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na sensa ya Brazili ya 1872 ilihesabu milioni 1.5 tu. Wengine walikwenda wapi? Kweli, wengi walikuwa wameachwa huru, wao au wazazi wao. Ila sehemu kubwa ya jibu ni vifo.

Vinu vya miwa, tangu enzi za Wareno, vilisaga usiku na mchana kwa miezi minane au tisa ya msimu. Aliyelisha miwa akisinzia, magurudumu ya kinu yaliuvuta mkono mzima, ndiyo maana shoka liliwekwa karibu: kuukata mkono kabla mwili haujafuata. Ng'ambo ya pili palikuwa na masufuria ya sukari inayochemka. Wanaume waliletwa wengi kuliko wanawake, watoto walizaliwa wachache na kufa wengi, na kwa mwenye kinu kununua mtu mzima kulikuwa nafuu kuliko kulea mtoto. Meli zikaendelea kuja. Katika karne ya 19 nyingi zilitoka hata huku kwetu, Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, na Wamakua na Wayao walioshushwa Rio wakaitwa kwa jumla "Moçambiques". Biashara hiyo ilizimwa hasa baada ya sheria ya 1850.

Kuna na hili la kungoja kuokolewa. Isaura anakombolewa na mchumba tajiri, Álvaro, anayenunua madeni ya bwana wake. Watumwa halisi hawakumngoja Álvaro. Palmares, makazi ya watoro milimani, yalisimama kwa sehemu kubwa ya karne ya 17, mpaka ngome yake kuu ilipotekwa mwaka 1694; kiongozi wao Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695. Januari 1835, mwezi wa Ramadhani, Waislamu wa Kiyoruba na Kihausa waliasi mjini Salvador, wengine wakiwa na hirizi za maandishi ya Kiarabu mwilini. Mijini watumwa walifanya vibarua, wakampelekea bwana fungu lake, na waliobakiza walijinunulia barua ya uhuru. Mwaka 1887 maelfu walitoroka mashamba ya kahawa ya São Paulo.

Kwa hiyo Binti Mfalme Isabel alipotia saini sheria ya kukomesha utumwa, 13 Mei 1888, mashamba mengi yalikuwa yameshakimbiwa. Sheria yenyewe ina vifungu viwili: cha kwanza kinatangaza utumwa umekwisha, cha pili kinafuta kila sheria inayopingana na cha kwanza. Cha ardhi kwa walioachwa huru hakikuandikwa.