Uzamivu wa uuguzi wa vitendo ni nini?

Muuguzi wa Tanga mwenye shahada akisikia uzamivu, mawazo huenda kwenye PhD: miaka ya utafiti, tasnifu nene, halafu kazi ya kufundisha chuoni. Kuna uzamivu mwingine, unaojulikana kwa herufi DNP (Doctor of Nursing Practice, yaani uzamivu wa uuguzi wa vitendo), ambao humwandaa muuguzi aliyebobea abaki wodini, au aongoze wodi, na kubadilisha namna wagonjwa wanavyohudumiwa.

Shahada hii ina asili Marekani. Chuo Kikuu cha Kentucky kiliianzisha mwaka 2001, na mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi nchini humo kikapendekeza kwamba ifikapo 2015 wauguzi bingwa wote waandaliwe kwa ngazi hiyo. Haikuwa hivyo kwa wote. Uzamili bado upo. Lakini kwa wauguzi wa nusukaputi, tangu 2022 kila anayeanza masomo hayo huko anaanza katika ngazi ya uzamivu.

Tofauti yake na PhD huonekana vizuri leba. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama akishajifungua aliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikapimwa badala ya kukadiriwa kwa macho. Ikizidi, tiba zote zilitolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu kuvuja), dripu, na kutafuta damu inakotoka. Hatari ya mama kuvuja damu kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa ajili hiyo au kufariki ilipungua kwa asilimia 60.

Kuthibitisha jambo kama hilo ndiyo kazi ya mtafiti. Mtu wa DNP anaanzia hapo. Tuseme yuko kwenye wodi ya wazazi mkoani Tanga, zamu ya usiku, wakunga wawili na kina mama watatu wanaosukuma kwa pamoja. Dawa zipo, ila zimefungiwa kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa aliye upande wa pili. Anachukua saa na daftari, anapima dakika ngapi zinapita tangu damu kuzidi hadi sindano kuchomwa. Anakaa na wakunga wakati wa kukabidhiana zamu, anawauliza wanakwama wapi. Halafu wanakubaliana: boksi la dharura kando ya kila kitanda, lenye kila kitu, linalokaguliwa kila zamu inapoingia. Baada ya miezi kadhaa anapima tena. Dakika zikipungua, anauandikia uongozi wa hospitali mpango wa kuendeleza utaratibu huo hata yeye akihamishwa. Mradi wa namna hii ndio unaochukua nafasi ya tasnifu.

Wapo wanaouita uzamivu mwepesi. Sikubaliani nao hata kidogo. Maarifa yanayookoa mama yanaweza kukaa kwenye makaratasi miaka mingi yasifike kitandani, na kuyafikisha kunataka takwimu, uongozi, sera, uchumi wa afya, pamoja na subira ya kusikiliza watu waliochoka. Kwa vigezo vya Marekani vya mwaka 2006, mwanafunzi alitakiwa kutimiza angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo baada ya shahada ya kwanza, chini ya usimamizi.

Mwenye DNP huandika Dk. mbele ya jina lake sawa na mwenye PhD, lakini hajawa daktari wa tiba. Mbele ya mgonjwa ajitambulishe kwanza kuwa ni muuguzi.

Kama moyo wako uko kwenye kufundisha na kutafiti, PhD itakufaa zaidi. Kama unaitaka hii, na chuo kiko nje ya nchi, usilipe ada kabla hujapata majibu kwa maandishi: saa za vitendo utazifanyia hospitali gani, nani atakusimamia, na je, zinaruhusiwa kufanyika hapa nchini kwa leseni yako ya hapa? Masomo ya darasani yanaweza kufuatwa kwa intaneti. Saa za wodini hazifanyiki hivyo. Uliza pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu utambuzi wa shahada hiyo, na mwajiri wako kama muundo wa utumishi una nafasi ya kukupandisha ukiipata.