Si lazima mtoto aanze na kompyuta

Wazazi wengi hudhani mtoto hawezi kujifunza kuandika programu mpaka apate kompyuta, ajue Kiingereza na awe hodari wa hesabu. Sivyo. Programu ni maelekezo yaliyopangwa hatua kwa hatua, basi. Mfunge kaka mtu kitambaa machoni, mdogo wake amwongoze hadi mlangoni: hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua mbili. Akigonga meza (iwe nyepesi!), mdogo apitie upya maelekezo yake atafute kosa lilipo. Waandishi wa programu nao hutumia muda mwingi kusaka makosa hivyo hivyo.

Kompyuta ikipatikana, ipo Scratch, programu ya kuwafundishia watoto kuandika programu, iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007. Ni ya bure, amri zake hupangwa kama matofali, na Kiswahili kimo.