Kilwa ni 144: anwani ya ukurasa isiyochakaa

Natengeneza tovuti hapa Mtwara, na swali ninaloulizwa kila mara ni kwa nini linki iliyokuwa ikifunguka mwaka jana leo haifunguki. Mara nyingi chanzo ni jinsi anwani ilivyotungwa tangu mwanzo.

Tazama hii: https://whc.unesco.org/en/list/144. Ni ukurasa wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ile https hukiambia kivinjari kitumie itifaki gani, yaani kanuni zipi za mawasiliano. Linafuata jina la mwenyeji, whc.unesco.org, ambalo mfumo wa DNS hulitafutia namba ya seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti. Kisha njia, yaani yote yanayofuata jina hilo: "en" ni lugha (weka "fr" usome Kifaransa), na 144 ndiyo Kilwa yenyewe.

Hiyo 144 naipenda sana kwa sababu haielezi chochote. Mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa. Neno "hatarini" lingekuwa ndani ya anwani, ingebidi ibadilishwe, na kila aliyeinakili kabla ya hapo angeambulia "ukurasa haupatikani".

Sasa linganisha na tunavyozoea kuandika: /2023/idara-ya-masoko/Bei_Korosho_mpya2.php. Mwaka utapita, idara itabadilishwa jina, tovuti itaacha kutumia PHP (lugha ya programu inayotajwa na ile .php), na bei "mpya" itakuwa ya zamani kabla msimu haujaisha. Isitoshe, herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kwenye jina la mwenyeji, lakini kwenye njia zinaweza kuwa nazo: /Korosho na /korosho huenda zikawa kurasa mbili. Mkulima wa Newala anayeiandika kwa mkono kwenye simu atakwama hapo. Mimi naandika /korosho/bei, herufi ndogo tupu, basi.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia barani Ulaya, alilisisitiza jambo hili tangu 1998: anwani nzuri haibadiliki.

Kuna vitambulisho vinavyotaja kitu bila kusema kilipo. ISBN, ile namba ya kitabu, hukitambulisha kitabu, kiwe Masasi au Berlin. DOI, kitambulisho cha kidijitali kinachoanza na "10.", hutambulisha makala ya kitaalamu. Mchapishaji akihamisha tovuti, husajili mahali papya na doi.org humpeleka msomaji huko.

Ikiwa lazima ubadilishe anwani, usiifute ile ya zamani. Iwekee kwenye seva jibu la 301, linalokiambia kivinjari kwamba ukurasa umehamia kwenye anwani mpya na hautarudi, na uliache hapo miaka yote tovuti itakayokuwa hewani.