Mmisionari Asiyemhitaji Jirani

Kazi yangu ni kuwaandaa masista, mapadre na walei wanaotumwa kufanya utume ugenini, hasa kwenye vijiji na mitaa ya watu wasio na kitu. Kabla ya safari huniuliza sana kuhusu chakula na magonjwa. Majibu ni mafupi: utakula kinachopikwa, na chanjo utachomwa. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: nikifika kule, nitamhitaji nani?

Sheria ya Kanisa inamweka mtawa katika hali ya ajabu kidogo. Kwa kanuni ya 668, anachokipata kwa jasho lake ni mali ya shirika. Lakini shirika hilohilo humlipia matibabu, humkatia tiketi vita vikizuka, na humtunza uzeeni. Jirani yake hana kitu, na hana shirika. Wanaweza kula mlo uleule na kulala chini ya bati la aina moja, lakini mmoja wao ana mlango wa kutokea. Majirani wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Anayechelewa kulijua ni mmisionari, hasa yule aliyekuja na ari ya kuwa maskini kuliko maskini wenyewe. (Huyo hunipa wasiwasi kuliko anayeulizia jokofu.)

Mawazo haya si mapya. Mwaka 1659 Idara ya Uenezaji wa Imani, iliyoundwa Roma mwaka 1622, iliwaagiza wamisionari waliokuwa wakielekea Asia ya mashariki wasihamishie huko Ufaransa, Hispania wala Italia. Wapeleke imani tu. Lavigerie naye, askofu mkuu wa Algiers huko Algeria, alipoanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, alitaka watu wake waseme lugha ya wenyeji, wale chakula chao, wavae kama wao, na jumuiya isipungue watu watatu. Hiyo idadi ya watatu naipenda. Inamkinga mtu na upweke, na pia inamzuia kujifanya mfalme mdogo. Ila mavazi na chakula huzoeleka. Kinachosumbua ni pesa.

Mlangoni pa nyumba ya wamisionari, asubuhi, mama anasimama na cheti cha dawa kimekunjwa mara nne. Anasalimia kwa kirefu, anauliza habari za kila mtu wa nyumba, ndipo anakikunjua. Nyuma yake yupo kijana wa ada ya shule, na mzee aliyefiwa anayetafuta mbao za jeneza. Mgeni mwenye noti mfukoni analipa, na moyo wake unafurahi. Baada ya miezi michache kila salamu anayopewa ina ombi ndani yake, na hajui tena nani ni rafiki yake. Wao pia hawajui kama wanapendwa au wanahesabiwa.

Kwa hiyo nasisitiza mambo mawili. Msaada upitie kwa wazee na akina mama wa palepale, wanaomjua mjane wa kweli na anayejifanya. Na mwaka wa kwanza mgeni asishike pesa ya mradi wowote. Kazi yake iwe lugha. Akae kwa bibi anayemcheka matamshi, aulize namna ya kuhani msiba, aombe kuonyeshwa njia. Wafadhili hawapendi kusikia hili, maana mwaka wa lugha hauna picha ya kupiga.

Charles de Foucauld, padre Mfaransa aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2022, alikwenda Tamanrasset, kusini mwa Algeria, mwaka 1905 akiwa na nia ya kuwahudumia Watuareg, wafugaji wa jangwa la Sahara. Mwanzoni mwa 1908, katika ukame mkali, aliugua hadi karibu kufa. Akiba yake alikuwa amewagawia wenye njaa. Watuareg ndio waliozunguka kutafuta mbuzi waliobaki na maziwa kidogo, wakamnywesha hadi akainuka. Aliendelea kuishi nao hadi alipouawa mwaka 1916, akiwaandikia kamusi ya lugha yao. Wanafunzi wangu huvutiwa na kamusi. Mimi huwarudisha kwenye maziwa. Watu waliokuwa na njaa walimlisha, naye akakubali kulishwa.

Mwisho wa utume nao upangwe mapema. Kanuni ya 790 inamtaka askofu awe na mapatano na wakuu wa mashirika ya kimisionari, nami nawashauri wanaotumwa wayasome kabla ya kufunga masanduku: hati za kiwanja ziko kwa jina la nani, zahanati itabaki kwa nani shirika likiondoka. Kisima vilevile. Fundi wa pampu awe mtu wa kijiji, na spana zikae nyumbani kwake, hata kama mmisionari naye anajua kuitengeneza.