Kitambi, kisukari na jongo: usimlaumu pweza peke yake

Mgonjwa wa kisukari akipewa karatasi ya maabara na kukuta asidi ya yuriki imepanda, swali la kwanza huwa: "Dokta, ndiyo niache pweza?" La pili ni la maharage. Kuhusu kiuno haulizi mtu.

Asidi hii inatokana na purini, vitu vilivyomo ndani ya seli. Purini nyingine tunazila, lakini sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hutoka mwilini mwetu wenyewe seli zinapochakaa na kuvunjwa. Kazi kubwa ya kuitoa asidi inafanywa na figo, na kiasi kilichobaki hupitia utumbo. Kwa mwanamme mpaka wa juu ni kama miligramu 7 kwa desilita, kwa mwanamke 6. Maabara nyengine huandika kwa maikromoli, kwa hiyo 7 ya kwako inaweza kusomeka 420 kwenye karatasi ya jirani, msitishane barazani. Asidi ikizidi kwa muda mrefu hufanya fuwele kama sindano ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Hilo ndilo jongo, ingawa wengi wetu kila maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi. Hupenda kuja usiku. Mtu analala mzima, alfajiri hata shuka ikimgusa mguu anapiga kelele.

Sasa kiuno kinaingiaje? Mafuta yanayojikusanya tumboni, yale yanayozunguka ini na matumbo, huufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kongosho nalo hujibu kwa kumwaga insulini zaidi. Insulini hiyo nyingi ikifika kwenye figo, figo hurudisha chumvi kwenye damu badala ya kuitoa, na asidi ya yuriki hurudi pamoja nayo. Mafuta yenyewe pia huzalisha asidi. Mwenye kitambi basi anaizalisha kwa wingi na papo hapo anaizuia isitoke. Watu wawili wanaweza kula sinia moja la wali na samaki miaka nenda miaka rudi, mmoja akaugua jongo na mwenziwe asilijue.

Kwetu huku mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na mume wake husifiwa kwa kumtunza. Sipingani na sifa hizo, lakini chukua futi ya fundi cherahani uizungushe tumboni usawa wa kitovu, bila ya kuvuta pumzi ndani. Mwanamme akifika sentimita 94, mwanamke 80, mafuta ya ndani yameshaanza kuwa tatizo, hata kama mikono na miguu ni myembamba.

Kwa mwenye kisukari kuna jambo jengine ambalo hutuletea ugomvi kliniki. Mgonjwa anakuja sukari iko juu sana, milimoli 18 au 20 kwa lita, na asidi ya yuriki iko chini. Tunampangia dawa, anazitumia vizuri, sukari inashuka. Baada ya miezi michache asidi imepanda, naye amekasirika: dawa zenu zimeniongezea ugonjwa! Haikuwa hivyo. Sukari ikizidi kiasi cha 10 hivi huanza kumwagika kwenye mkojo, na inapotoka huondoka na asidi. Kwa hiyo kile kipimo cha mwanzo kilikuwa kizuri kwa sababu mbaya. Sukari ilipotulia, mlango ule ulifungwa na asidi ikaonekana katika kiwango chake cha kweli, kile kinacholingana na kitambi. Namba ya asidi isisomwe bila ya namba ya sukari pembeni yake, wala bila ya kipimo cha figo, kwani figo zikichoka pia huiacha asidi ijae.

Wengine hutaka wapewe alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, hapo hapo ili walinde figo. Mwaka 2020 yalichapishwa majaribio makubwa mawili, moja likiwa la watu wenye kisukari aina ya kwanza. Dawa iliteremsha asidi, lakini kudhoofika kwa figo hakukupungua kasi. Mwenye jongo linalomrudia ana haki yake ya dawa hiyo. Asiyeumwa na kiungo aanze na uzito, na apunguze pole pole. Anayejishindisha na njaa ili akonde kwa harusi ya mwezi ujao huipandisha asidi badala ya kuishusha.

Turudi kwa pweza. Ana purini, ndiyo, lakini maini ya kuku yana zaidi ya mara mbili yake kwa uzito ule ule, na dagaa pia wamo kwenye kundi la kuangaliwa. Maharage na mchicha havijaonekana kuleta jongo. Mimi nina ugomvi zaidi na kinachoteremshiwa huyo pweza pale Forodhani, Unguja: glasi ya juisi ya miwa, au soda. Nusu ya sukari ya miwa ni fruktosi, na ini likiivunja fruktosi huzalisha asidi ya yuriki moja kwa moja. Kwa mwenye kisukari glasi hiyo inaharibu mara mbili. Kahawa chungu haina neno, tena wanywaji wa kahawa huonekana kupata jongo kwa nadra zaidi. Kashata inayoandamana nayo ndiyo ya kuachwa sahanini.

Siku ya kliniki njoo na mfuko wa dawa zako zote, na za mitishamba zimo. Vidonge vya presha vinavyokojolesha hupandisha asidi, na aspirini ya kipimo kidogo nayo hupandisha. Usiviache mwenyewe nyumbani. Daktari akiviona anaweza kukubadilishia, kwani ipo dawa ya presha, losatani, ambayo huishusha kidogo.